Bata mzinga wa Missouri: nani mwindaji, nani jangili?

Ndugu msomaji, leo natetea jambo ambalo najua wengi wenu mnaosoma mkiwa ofisini hamtalipenda. Natetea uwindaji. Tena uwindaji wa ndege ambaye sisi tunamjua kama kitoweo cha Krismasi kwa wenye nazo: bata mzinga.

Kabla hujanirushia mawe, nisikilize kwanza. Simtetei tajiri anayelipa maelfu ya dola kuja kupiga picha na simba aliyekufa. Huyo ana mawakili wake. Ninaowatetea ni fundi magari, mwalimu wa shule ya msingi, shangazi mstaafu na mtoto wa miaka tisa, ambao kila mwezi wa nne huamka saa kumi alfajiri huko Missouri, katikati ya Marekani, wakaingia msituni gizani na kukaa chini ya mti bila kusema neno. Nimeingia nao. Sikubeba bunduki, nilibeba daftari, na nilirudi na kupe watatu.

Hoja yangu ni hii: ndege yule yuko hai leo kwa sababu watu wa kawaida waliruhusiwa kumwinda, wakapewa masharti, na wakalipia. Na hapa kwetu kuna la kujifunza, ingawa siyo kila kitu.

Tuanze na ndege mwenyewe. Asili yake ni Amerika. Wahispania walimkuta Mexico akiwa tayari anafugwa, wakampeleka Ulaya karne ya 16, na kutoka huko akazunguka dunia mpaka akafika kwenye mabanda yetu. Ndugu yake wa porini alibaki msituni, na hafanani kabisa na huyu mvivu wa bandani. Anaruka. Analala juu ya miti. Mbio zake wewe na mimi hatuziwezi. Macho yake yanaona rangi na yanatazama karibu pande zote, kwa hiyo ukijikuna pua tu ameshakuona na ameshaondoka. Benjamin Franklin aliandika katika barua kwa binti yake mwaka 1784 kwamba bata mzinga ni ndege wa heshima kuliko tai, kwa sababu tai ni mwizi wa samaki wa wenzake.

Heshima hiyo haikumsaidia. Walowezi walikata misitu, wakamwinda mwaka mzima, dume na jike, na wengine wakiuza nyama yake kwenye masoko ya mijini. Kufikia miaka ya 1930, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni ndege kama 200,000 nchi nzima, na majimbo mengi hayakuwa na hata mmoja. Missouri ilifunga msimu wa kumwinda mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jimbo zima lilikuwa limebaki na ndege kama 2,500.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwaka huohuo wa 1937 Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria inayoitwa Pittman-Robertson. Sheria hiyo inatoza kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo zinagawiwa majimbo kwa kazi ya wanyamapori. Ina sharti moja tamu sana: jimbo likichukua ada za leseni za wawindaji na kuzipeleka kwenye matumizi mengine, linanyimwa mgawo wake. Mimi na wewe tunajua jinsi fedha za mfuko mmoja zinavyopenda kuhamia mfuko mwingine. Wenzetu walilijua hilo, wakaziba tundu mapema.

Mwanzoni walijaribu njia ya mkato: kuwatotoa bata wa porini vizimbani na kuwaachia msituni. Walikufa ovyo. Ndege aliyelelewa na mtu hamjui mbweha wala mwewe. Katika miaka ya 1950 wakabadili mbinu. Walimwaga mahindi uwanjani, wakaficha wavu unaorushwa na mizinga midogo, na ndege walipokusanyika kula, wavu ukawafunika. Walionaswa wakiwa wazima walitiwa kwenye maboksi na kupelekwa wilaya nyingine zisizokuwa nao. Huko Missouri mbegu nyingi ilitoka eneo la Peck Ranch, kwenye vilima vya Ozark. Baadaye Missouri ikawa na ndege wa kuwapa jirani. Iliipa Kentucky bata mzinga, na kwa mabadilishano ikapata fisi maji kutoka Louisiana. Biashara ya mali kwa mali, kama babu zetu!

Mwaka 1960 Missouri ilifungua msimu wa kwanza wa majira ya kuchipua. Siku 3 tu, na ndege waliopatikana walikuwa 94. Mwaka 2004, katika msimu wa majira hayohayo, wawindaji wa jimbo hilo walipata zaidi ya 60,000. Nchi nzima ndege walifikia karibu milioni 7 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo wako katika majimbo yote isipokuwa Alaska.

Utaniuliza, ndege anawezaje kuongezeka huku anauawa? Jibu liko kwenye utaratibu. Msimu wa majira ya kuchipua unalenga madume. Dume mmoja hupanda majike wengi, na halalii mayai wala halei vifaranga. Jike hutaga mayai kumi hivi, akayaatamia siku 28 peke yake chini ya kichaka. Ukiondoa baadhi ya madume wakati majike wengi wameshapandwa, kizazi kijacho hakipungui sana. Missouri mwindaji anaruhusiwa ndege wawili kwa msimu wa wiki tatu, na wiki ya kwanza hapati zaidi ya mmoja. Akipata, anamfunga kibandiko palepale, na lazima atoe taarifa kabla ya saa nne usiku wa siku hiyohiyo. Kuuza nyama ni marufuku. Hilo la mwisho ndilo lililoua biashara ya sokoni iliyokaribia kummaliza ndege huyu.

Tuje sasa kwenye msitu wenyewe.

Wenyeji wangu walikuwa ukoo mmoja na marafiki zao wawili wa tangu shule. Kiongozi wa msafara hakuwa baba mwenye nyumba kama nilivyotarajia. Alikuwa dada yake mkubwa, mama wa miaka sitini na kitu, ambaye watoto wote walimwita shangazi hata wasio wa damu yake. Alianza kwa kulia kama bundi. Ndiyo, bundi! Mimi niliyelelewa kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba, nywele zilinisimama. Lakini kule bundi akilia alfajiri, bata dume aliyelala juu ya mti hushindwa kujizuia, anajibu kwa mngurumo wake, na hapo unajua yuko wapi.

Baada ya hapo kazi yote ni kungoja. Unakaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, ili mwindaji mwingine asikupige kwa nyuma akidhani wewe ni kitoweo. Huvai chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, kwa sababu ndizo rangi za kichwa cha dume. Shangazi alikuwa na kijisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa, kikitoa sauti ya jike. Kwa kawaida jike ndiye humfuata dume. Mwindaji anajaribu kumshawishi dume aende kinyume na desturi yake, amfuate jike asiyemwona. Ndiyo maana mara nyingi haji. Anakuja nusu ya njia, anasimama, ananguruma, anatanua mkia kama feni, anangoja jike ajitokeze. Jike hajitokezi. Anaondoka zake.

Asubuhi ya kwanza dume alisimama umbali kama wa mita themanini kwa zaidi ya nusu saa. Bunduki zao, shotigani za marisau, hazifai zaidi ya mita 35 au 40 hivi. Yule mtoto wa miaka tisa alikuwa mbele ya shangazi yake, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye kijiti, anatetemeka. Nilimsikia akinong'ona, "Shangazi, nipige?" Shangazi akamjibu kwa sauti ndogo kuliko ya mbu, "Hapana. Ukipiga sasa utamjeruhi, na akienda kufia vichakani hutamla wala hutamwona tena." Mtoto akashusha pumzi. Dume akaondoka. Hakuna aliyemlaumu mtu.

Niambie, ni wapi mjini tunamfundisha mtoto wa miaka tisa kwamba uwezo wa kufanya jambo siyo ruhusa ya kulifanya? Kule wana hata siku mbili maalum kabla ya msimu wa wakubwa, kwa ajili ya watoto wa miaka 6 hadi 15 tu, wakiwa na mtu mzima pembeni. Shangazi amewapitisha hapo watoto wa kaka zake wote.

Siku ya tatu fundi magari alipata mmoja. Ilifanyika ibada ndogo isiyoandikwa popote: kila mmoja alimshika yule ndege, wakapima ile miiba ya miguuni, wakapima ule unywele mrefu unaoota kifuani wanaouita ndevu, wakamsimulia marehemu babu yao aliyeonja nyama ya bata huyu kwa mara ya kwanza akiwa ameshazeeka. Kidari kilikatwa vipande, kikapakwa unga na kukaangwa. Miguu, ambayo ni migumu kama viatu, ilichemshwa mpaka jioni ikawa supu. Waliokuwa hawana bahati ya ndege walirudi na uyoga waliouokota njiani, maana msimu ni mmoja. Watu kumi na mmoja walikula ndege mmoja.

Sasa wewe unayesema ni ukatili, jana usiku ulikula nini? Nusu kuku na chipsi, siyo? Yule kuku aliishi wiki tano au sita, hakuwahi kuona mti, na wewe hujui aliuawa na nani. Bata wa Missouri aliishi miaka miwili au mitatu akiwashinda akili mbweha, kicheche na watu, akauawa mara moja na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwa ajili yake. Anayekataa nyama zote namheshimu. Anayekula kuku wa kisasa huku akimlaani mwindaji namwomba apunguze sauti.

Lakini nisiwe kama mgema aliyesifiwa. Mfumo huu una nyufa zake, na mwandishi anayekuletea sifa tupu anakudanganya.

Ufa wa kwanza ni fedha zenyewe. Kodi ile haiulizi bunduki inakwenda msituni au mjini. Marekani watu wananunua silaha nyingi sana ambazo hazitamwona bata maisha yao yote, na silaha zinaua watu kila siku kwenye miji kama St. Louis. Kwa hiyo hofu ya watu inalipia misitu. Mimi hilo linanikaa vibaya kooni. Missouri angalau ilitafuta njia ya pili: mwaka 1976 wapiga kura walikubali kuongeza kodi ndogo ya mauzo, senti moja ya thamani ya dola nane, iende kwenye uhifadhi. Anayenunua mkate na anayenunua risasi wote wanachangia. Huo naona ni utaratibu wa haki zaidi.

Ufa wa pili ni ardhi. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Missouri ni ya watu binafsi. Ukoo ninaousifu una shamba. Na shamba hilo lipo kwenye nchi iliyokuwa ya Waosage, ambao katika karne ya 19 walisukumwa kwa mikataba mpaka wakatolewa jimboni kabisa. Waliomwinda ndege huyu kwa vizazi vingi ndio waliofukuzwa, kisha waliobaki wakajiita wenye mila ya uwindaji. Tunaufahamu mchezo huo, siyo?

Ufa wa tatu unatokana na huo wa pili. Kama elimu ya msituni inapitia kwa shangazi, je, asiye na shangazi? Mtoto wa mjini, Mmarekani mweusi wa St. Louis, mhamiaji aliyefika juzi? Kirksville, mji mdogo wa kaskazini mwa Missouri, una Wakongo wengi waliokwenda huko kutafuta maisha. Msitu wa bata uko dakika chache kutoka mlangoni kwao. Idara ya uhifadhi ya jimbo ina maeneo karibu 1,000 ya umma, na kibali cha mkazi hakifiki dola 30. Mlango upo wazi kisheria, lakini mlango usio na mtu wa kukukaribisha ni ukuta tu. Ndiyo maana naona neno muhimu kuliko yote katika jambo hili ni "marafiki". Familia inawafundisha wake. Marafiki ndio wanaoweza kumwingiza mgeni. Mimi niliingia kwa mlango huo.

Na hilo lina uzito, kwa sababu ndege ameanza kupungua tena. Kusini mwa Marekani vifaranga wanaofika ukubwani wamekuwa wachache. Wataalamu wanataja mvua za wakati wa kutotoa, wanyama wanaokula mayai, na mashamba na misitu iliyobadilika mpaka vifaranga hawapati wadudu wala maficho. Tennessee ilisogeza mbele tarehe ya kufungua msimu na kupunguza ndege wa kila mwindaji hadi 2 mwaka 2023. Missouri yenyewe miaka ya karibuni haifiki 50,000 kwa msimu. Safari hii hakuna wavu wa kutatua jambo. Panahitajika watu wengi wanaojali, na mtu hajali asichokijua.

Haya, turudi nyumbani, maana najua mmeshaanza kuniuliza yanatuhusu nini.

Yanatuhusu hivi. Mwaka 1896 Mjerumani aliweka sheria ya uwindaji hapa. Tangu hapo neno la kumwita mtu limetegemea yeye ni nani. Akija mgeni na bunduki ya bei mbaya na kibali, anaitwa mwindaji. Mzaramo au Mhadzabe akimkamata digidigi kwa chakula cha jioni, anaitwa jangili mpaka athibitishe vinginevyo. Uingereza ya zamani nayo ilikuwa hivyo, mnyama ni wa bwana mwenye ardhi. Wamarekani, pamoja na dhambi zao zote, walikubaliana kwamba mnyama wa porini ni wa umma, na fundi magari ana haki naye sawa na tajiri. Ukimwambia fundi kuna mtu anaua majike usiku, hasira yake ni ya mtu aliyeibiwa. Ukimwambia mwanakijiji wa pembeni mwa hifadhi yetu kwamba tembo ameuawa, mara nyingi atakuuliza: yule aliyekula mahindi yangu?

Jirani zetu Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta wanyama wakubwa wa nyanda zao kame wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo. Sisemi marufuku ndiyo iliyowamaliza. Ng'ombe, uzio, ukame na watu kuongezeka vyote vimo. Nasema tu kwamba kumzuia mtu kushika bunduki peke yake hakumfanyi mnyama aishi.

Wala sisemi kesho tugawe bunduki Mbagala. Tembo siyo bata, na dume la tembo halirudi kwa miaka miwili. Lakini kanga, kwale na njiwa tunao. Sheria yetu inamtambua mwindaji mkazi. Mwaka 2020 tukapata hata kanuni za mabucha ya nyamapori, tukaanza na kuuza kabla ya kufundisha. Mimi ningependa tuanze upande wa pili: msimu mfupi wa ndege wachache, kibali cha bei ya mwalimu, mafunzo ya lazima, fedha zisizoweza kuhamishwa mfuko, kijiji kipate sehemu yake, na sharti kwamba kila mwindaji aende na kijana mmoja wa kumfundisha. Tujaribu wilaya mbili. Wao walianza na siku 3 na ndege 94.

Kijana wa Dar anayemjua simba kwa jina la timu tu hatamtetea simba mwenye manyoya siku msitu utakapopigwa mnada. Tumemfungia nje ya pori lake, kisha tunashangaa halimuumi.

Naomba kutoa hoja. Wanaopinga waje na sababu, matusi waachie wenyewe.